Mawe Yaliyotembea

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa suti. Suti yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya marehemu mume wa mama mwenye nyumba wangu kule Chatsworth, mama wa ile jamii ya Wazanzibari waliohamishiwa huko zamani. Aliposikia nimeitwa na kampuni ya watalii, alifungua kabati, akaikung'uta, akaipulizia manukato na kuniambia, "Kampuni ni kampuni, baba. Usiende kama mbeba mizigo." Basi nikapanda teksi mpaka Pinetown nimebana makwapa, maana marehemu alikuwa mwembamba kuliko mimi, Mungu amrehemu. Nikaelekezwa nyuma ya duka la matairi. Nikakuta mlango wa bati uko wazi, baiskeli zimening'inia darini kama nyama buchani, na mzee mmoja wa Kihindi ana grisi mpaka kwenye nyusi.

Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. "Bwana harusi," akasema, "bibi harusi umemwacha wapi?"

Huyo alikuwa Meneja wa Karakana. Sisi sote tulimwita Anko. Hakuniuliza cheti, na alifanya vizuri, maana shule mimi niliishia darasa la nne. Alinitupia gurudumu lililojikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni, akanipa ufunguo wa spoku, akasema, "Nyoosha."

Nikavua koti. Ninyi vijana mnaokimbilia kununua gurudumu jipya, nisikilizeni. Gurudumu halisimami kwa sababu ya chuma cha nje, ile rimu. Linasimama kwa sababu ya spoku, zile fimbo nyembamba zinazovutana kutoka katikati. Upande huu ukivuta sana, rimu inakwenda huku. Ukilegeza huku, inarudi kule. Na spoku hazikazwi kwa nguvu, zinakazwa kwa sikio. Unazipiga kwa kidole moja moja kama nyuzi za zeze, ile inayotoa sauti ya uchovu ndiyo unayoizungusha kidogo, kidogo tu. Kwetu Tabora nilijifunza hivyo kwa baiskeli zinazobeba magunia ya karanga. Nilipomaliza, Anko alilizungusha lile gurudumu, akafumba jicho moja, akaliangalia linavyopita katikati ya breki bila kugusa popote. Akasema, "Kesho usije na suti."

Kuandikwa ndiko huko.

Nimesahau kusema walinipataje. Kabla ya hapo nilikuwa Warwick Junction, natengeneza matoroli ya wapagazi wale wanaosukuma bidhaa za akina mama wa sokoni. Toroli la mpagazi ni ubao, mnyororo, na magurudumu yaliyookotwa popote. Mimi niliyafanya yatembee bila kelele. Mama wauza dawa za mizizi walikuwa wakisema wanajua toroli nililotengeneza mimi kwa sababu linawakanyaga vidole kabla hawajalisikia. Sifa hiyo ndiyo iliyomfikia Anko. Mtu asije akakudanganya kwamba kazi nzuri haina mdomo.

Sasa kampuni yenyewe. Ilikuwa ni mwisho wa miaka ya tisini, uhuru wa nchi hii ukiwa bado unanukia rangi mpya, na wageni wakija kwa wingi. Mkurugenzi wetu alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye miguu kama ya korongo, aliyelelewa katika vijiji vya kwao ambako watu huendesha baiskeli nje ya barabara, kwenye matope, kupitia njia za zamani za farasi, wakizunguka makanisa ya mawe na magofu ya watawa. Alipofika Durban akapanda milima ya bara, juu ya Pinetown, akakuta walowezi wa Kiingereza wa zamani wameiga kwao kila kitu: makanisa madogo ya mawe yenye makaburi uani, mialoni iliyopandwa kwa mstari, nyua za miti zilizokatwa kama nywele za askari, na barabara ya kale ya magari ya ng'ombe ikipita katikati ya mashamba. Akapapenda hapo hapo. Akawa anasema, "Hapa ni kwetu, ila wameongeza jua."

Mimi nilimuuliza, "Bosi, Mwingereza apande ndege aje mpaka Durban kuangalia Uingereza?"

Akacheka. "Fundi, hakuna kitu Mwingereza anakipenda kama kuona kwao pasipo mvua."

Na walikuja kweli. Kwa hiyo msimcheke mtu mwenye wazo la ajabu mpaka mmeona foleni yake.

Baada ya muda Mkurugenzi akanitoa karakana akanipa cheo cha mfagio. Mfagio ni yule anayeendesha nyuma ya wote. Mbele kulikuwa na Kiongozi wa Safari, kijana wa Kizulu wa Umlazi, mapafu ya farasi, meno meupe, anaongea Kiingereza kama redio. Yeye anafungua njia. Mfagio unafunga. Sheria ya mfagio ni moja: usimpite mgeni wa mwisho hata akitambaa. Mgongoni nina tyubu, viraka, pampu, viungo vya mnyororo, na chungwa. Chungwa si la kwangu. Ni la mgeni anayekaa chini na kusema haendelei tena. Mpe chungwa, mwache alimenye mwenyewe. Mtu anayemenya chungwa hawezi kulia. Anko alinifundisha hilo, na hata leo sijaona dawa inayolishinda.

Njia yetu ilianzia kwenye shamba moja la zamani, ikapita kanisa la mawe ambapo Mkurugenzi aliwasimamisha wageni na kuwasimulia nani amezikwa hapa na alikuja kwa meli gani. Ikafuata barabara ya magari ya ng'ombe, kisha ikateremka kwenye bonde, ambako si shamba la mzungu tena. Ni ardhi ya watu chini ya chifu wao. Bondeni kuna kijito. Unavuka, unapanda mteremko mkali, unafika kwenye mgongo wa kilima, na kutoka hapo unarudi ulikotoka kwa upepo mtupu. Ile ya bondeni ilikuwa njia nyembamba ya tairi moja, waliyoikanyaga watu kwa miguu tangu enzi. Induna wa pale, yaani msimamizi wa chifu, alimruhusu Mkurugenzi kupita kwa neno la mdomo na kikombe cha chai. Bila kipande hicho hatukuwa na safari. Ungekuwa na kanisa na mialoni, halafu urudi nyuma. Mwingereza halipii kurudi nyuma.

Mtu mwingine mnayepaswa kumjua ni Papa Ilunga. Alikuwa Mkuu wa Njia, kazi yake kutunza ardhi tunayopita. Mkongomani wa Kalemie, alifanya kazi ya reli huko kwao maisha yake yote mpaka vita ikamtoa. Mtu mnene, mpole, anavaa kofia ya sufu hata kwenye joto la Februari. Alinifundisha kwamba adui wa njia si tairi, ni maji. Alikuwa akichimba mitaro midogo ya kukata njia kwa mshazari ili mvua itoke pembeni isije ikaila. Aliinama, akanionyesha kwa kidole.

"Fundi, unaona? Maji iko na akili kushinda mutu. Ukiifunga, itatafuta njia ingine, na hiyo njia ingine ni yako. Bon. Uiachilie ipite, lakini wewe ndiye unaiambia ipite wapi."

Kuhusu familia yake hakusema sana. Siku moja tu, tukila mkate garini, nilimuuliza mke wake yuko wapi. Akaendelea kutafuna. "Bibi na batoto beko njiani," akasema. Bibi kwao ni mke. "Njia gani, sijue. Walitoka Kalemie, watu waliwaona Mpulungu, kisha hakuna mutu amewaona." Akafunga mkate uliobaki kwenye karatasi yake. Sikumuuliza tena.

Sasa ikaja safari kubwa. Chama cha waendesha baiskeli wazee kutoka Uingereza, kundi ambalo hatukuwahi kupata mfano wake. Mkurugenzi alituambia waziwazi: wakiridhika, watakuja wengine kila mwaka, na sote tuna kazi, wasiporidhika, ataifunga karakana na kurudi kwao. Mvua ilikuwa imenyesha sana. Kivuko cha kijitoni kilikuwa tope mpaka kwenye ekseli, na wageni hao walikuwa na magoti ya umri wangu wa sasa. Akamwambia Papa Ilunga, "Nataka wavuke bila kushuka."

Mimi nilikuwa karakana na Anko siku hizo, tunafunga breki mpya. Papa Ilunga alishuka bondeni na vibarua wawili, Wakongomani wenzake, na bakki ya kampuni, ile pikapu ndogo. Siku ya tatu akanichukua nikaone. Jamani, kilikuwa kivuko! Mawe yamepangwa kama meno, makubwa chini, madogo juu, yameshindiliwa, maji yanapita juu yake kama kitambaa. Mtu wa reli anajua kulaza jiwe. Nilimsifu, nikakivuka mara mbili kwa raha tu.

"Mawe mazuri hivi umeyatoa wapi?" nikamuuliza.

Akaonyesha kilimani. "Kule juu karibu na njia, ilikuwa fungu kubwa. Hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna mwenyewe. Nikasema, Mungu ametupangia materiaux ya kujengea."

Nililijua lile rundo. Nilikuwa nikilipita kila safari. Nilidhani ni mtu alisafisha shamba akatupa mawe pembeni, kama tunavyofanya Unyamwezini.

Siku ya safari ilipambazuka safi. Wageni walivaa vile viatu vyao vyenye kipande cha chuma kwenye unyayo, vinavyonasa kwenye pedeli, kwa hiyo chini walitembea kama kuku kwenye bati. Wa mwisho, ambaye ndiye alikuwa mwenzangu, alikuwa mama mmoja mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, mkali. Kila kilima alikitukana kwanza ndipo akakipanda. Kanisani Mkurugenzi alisimulia vizuri kuliko siku zote. Yule mama akaniuliza, "Na wewe, watu wako wamezikwa wapi?" Nikamwambia Tabora. Akasema, "Mbali sana kwenda na baiskeli." Nikampenda.

Kijitoni walivuka wote bila kushuka. Walipiga makofi. Mkurugenzi alimshika Papa Ilunga bega, na Papa Ilunga akavua kofia. Nilidhani kazi zetu zimepona.

Nilipofika kileleni na mwalimu mkuu wangu, nikakuta kundi zima limesimama. Njiani walikuwepo wanaume kadhaa na fimbo zao, induna katikati, amevaa koti la kazini, na pembeni bibi mmoja mzee amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, kwenye lile doa jeupe la ardhi ambapo rundo lilikuwa. Kiongozi wetu wa Safari ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Liko wapi?" induna akauliza. Hakuwa anapiga kelele. Kiongozi akatafsiri.

"Liko wapi nini?" akasema Mkurugenzi.

Kiongozi akageuka, uso umembadilika. "Bosi, ni isivivane. Lile rundo la mawe. Mtu akipita hapa anaokota jiwe, anaomba safari njema, analitupia hapo. Watu wametupa tangu babu wa babu."

"Na wewe ulijua?"

"Kila mtu anajua, Bosi! Nani angefikiri kuna mtu atalibeba?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Kila safari nilipofika pale, nilimkuta Kiongozi ameinama karibu na rundo. Mimi nilikuwa nikidhani anafunga kamba za viatu. Kitu ambacho kila mtu anakijua hakuna anayekisema, na sisi wageni tuliokuja na ndoo ndio tunaokibeba.

Mkurugenzi akatia mkono mfukoni. Induna akamwambia, "Toa huo mkono." Akautoa mtupu. Akasema basi ataleta lori zima la mawe kutoka kwari, yaani machimbo ya mawe, ya Pinetown, mazuri zaidi, leo leo.

Induna akatikisa kichwa. "Mawe ya kwari hayajatembea na mtu. Yale yalitembea."

Yule bibi akaanza kusema, polepole, akitazama ardhi. Gogo tunavyowaita hapa, ni heshima. Alisema wanawe walipokwenda kutafuta kazi bandarini Durban, kila mmoja alitupa jiwe lake hapo. Wawili walirudi. Wa tatu akaenda migodini, hajarudi mpaka leo. "Mwanangu yuko njiani," akasema. "Mmeliondoa jiwe lake."

Kiongozi akatutafsiria hayo kwa Kiingereza.

Papa Ilunga alikuwa ametufuata kwa miguu, yuko nyuma yangu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, akanivuta mkono. "Anasema nini, Fundi?" Nikamwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno. Mtoto wake yuko njiani. Papa Ilunga akauliza, "Jiwe yake ni gani? Nitaileta."

Nikampa Kiongozi, Kiongozi akampa gogo. Gogo akainua uso kwa mara ya kwanza. "Nitalijuaje? Ndiyo maana lazima yarudi yote."

Induna akasema njia imefungwa mpaka hapo. Si kwa leo tu. Baiskeli hazitapita tena, na kikombe cha chai Mkurugenzi akisahau. Anko alikuwa amefika na bakki kwa njia ya juu, akapendekeza wayapakie. Induna akamtazama. "Kwa gari yaliondoka. Yalikuja kwa miguu, yatarudi kwa miguu."

Mkurugenzi akawageukia wageni. Nakumbuka uso wake, alikuwa mweupe zaidi ya kawaida. Alianza kuomba radhi kwamba safari imeishia hapo, watarudishwa kwa gari, watalipwa fidia. Mwalimu mkuu wangu akamkata. "Tulikuja kuona historia au hatukuja?" Akageuza baiskeli, akashuka mteremko aliokwisha kuutukana mara moja siku hiyo. Mfagio haumpiti wala haumwachi mgeni wa mwisho, kwa hiyo nikamfuata. Nilipofika kijitoni Papa Ilunga alikuwa amekwisha ingia majini, suruali na yote, anang'oa kazi yake mwenyewe kwa mtaimbo.

Yule mama akachukua jiwe la kwanza. Jezi za waendesha baiskeli zina mifuko mgongoni, ya ndizi na nini. Akalitia humo. Akachukua la pili, akajaribu kupanda baiskeli, akashindwa, akasukuma. Wenzake wakashuka wakafanya vivyo hivyo. Mfuko wa jezi ukijaa mawe unafika magotini. Wazee wa Kiingereza walipanda kilima kile wakiwa na mikia. Wanawake wa bondeni walitoka majumbani kuangalia, wakashika mbavu. Mmoja akapiga kelele, "Hawu! Leo wazungu ndio wapagazi wetu!" Kiongozi akawatafsiria wageni, nao wakacheka, na mzee mmoja akamwambia Kiongozi amjibu yule mwanamke asubiri bili. Mchana ulipopita, wale wanawake nao wakashuka na masinia na mabeseni. Hakuna aliyewaita. Hata wanaume wale waliokuja na fimbo wakaziegemeza kwenye kichaka.

Mimi nilipanda na kushuka mpaka mapaja yakawa yanacheka yenyewe. Doa jeupe lilifunikwa, likawa kilima kidogo, likawa rundo. Jua lilipoelekea kwenye vilima vya magharibi, induna alilizunguka, akaliangalia huku na huku. Akamwambia Mkurugenzi, "Inatosha."

Lakini Papa Ilunga alikuwa bado majini. Nilishuka nikamkuta amepiga magoti, maji kifuani, mikono ndani ya tope mpaka mabegani, anapapasa.

"Papa, wamesema inatosha. Njia imefunguliwa."

"Haiyatosha."

"Induna mwenyewe kasema."

"Fundi, mimi ndiye nililaza hii mawe. Yeye hajui ngapi niliweka. Mama amesema yote." Akazama tena. Nikasimama ukingoni kama mjinga. Mkurugenzi akashuka, akamwita jina lake, akasema, "Papa, toka, utaugua." Hakutoka. Basi Mkurugenzi, mtu mzima wa miguu ya korongo, akavua viatu vyake akaingia naye, wakawa wanapapasa wawili. Nikaingia na mimi. Ningefanyaje?

Akalipata. Jiwe la ukubwa wa mkate, laini, jeusi. Hakumpa mtu ambebee. Alilipandisha kilimani amelikumbatia, maji yakimchuruzika, sisi nyuma yake, na safari hiyo hakuna aliyecheka. Alifika mbele ya gogo, akapiga goti, akaliweka mapajani mwake.

Gogo akaligeuza. Akalipapasa na kidole gumba. Akalinusa hata. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiye na meno, mpaka mabega yakatikisika.

"Hili ni la mto," akasema. "Halijawahi kutoka mtoni tangu kuumbwa. Mtu huyu ameniletea jiwe la mto!"

Watu wote wakacheka. Papa Ilunga alibaki amepiga goti, hajui acheke au alie, mpaka nilipomtafsiria. Akafunika uso na kofia. Gogo akaacha kucheka. Akamuuliza, "Nani wako yuko njiani?"

Nilimjibia mimi kupitia kwa Kiongozi. Nikamwambia mke na watoto.

Akamrudishia jiwe. "Basi hili ni lao. Limeshaanza kutembea, wewe ndiye umelitembeza. Tupa."

Akamwonyesha namna. Unavua kiatu. Unalinyanyua kwa vidole vya mguu wa kushoto, unalipokea kwa mkono wa kulia, unalitemea mate kidogo, unatupa. La Papa Ilunga vidole havikuliweza, akaliweka kwa mikono, kisha akanyanyua kokoto kwa vidole, akaitupa juu yake, ikawa kama kifuniko. Kisha wageni nao wakakaa chini, wakafungua vile viatu vyao vya chuma, wakatafuta kila mmoja jiwe lake. Mwalimu mkuu akauliza kwa nini lazima iwe kwa mguu. Gogo akasema, "Uulize mguu wako."

Kivuko tulikitengeneza upya baadaye, kwa mbao, na induna alituma watu wake kusaidia. Kikombe cha chai kilirudi. Wageni walikuja mwaka uliofuata na uliofuata huo, na kila safari Mkurugenzi aliacha kusimulia kanisani kwa urefu, akasema yaliyobaki atasimulia Fundi kileleni. Hiyo ndiyo ikawa kazi ya mfagio tangu siku ile: kuhakikisha hakuna anayeshuka upande wa pili mguu wake haujashika jiwe. Niliifanya mpaka magoti yaliposema basi.

Mke wa Papa Ilunga alifika Durban, na watoto, kwa kupitia Lusaka na Maputo. Alimkuta mumewe kanisani Jumapili, akakaa naye benchi moja kabla hajamsemesha. Sisemi ni jiwe. Papa Ilunga naye hakusema. Lakini hakuwahi kupita kilima kile bila kuvua kiatu. Na mtoto wa gogo, nitawaambia ukweli, sikusikia kwamba amerudi. Gogo mwenyewe amekwisha kufa. Jiwe la mwanawe liko palepale, miongoni mwa mengine.

Kampuni haipo tena. Mkurugenzi alirudi kwao akiwa mzee, Anko tulimzika, mashamba mengi ya walowezi yamekuwa majumba yenye kuta na walinzi, na barabara ya magari ya ng'ombe imekatwa na lami yenye roboti tatu, zile taa za kuongoza magari. Vijana wananiuliza, Mzee, ulifaidika nini na kazi ya kukaa nyuma ya watu? Nawajibu kwamba anayekaa nyuma ndiye anayeona njia ilivyobaki baada ya wote kupita. Nilikuwa fundi mzuri, nasema bila haya. Spoku zangu ziliimba, na hakuna mgeni niliyemwacha porini.

Njia ya bondeni hakuna aliyeifunga. Magoti yakikubali, Jumamosi naipeleka baiskeli yangu pale polepole. Kileleni nashuka, naiegemea, navua kiatu, naanza kuhangaika na vidole, maana vidole vya uzeeni havishiki kama zamani. Juzi wasichana wawili wa sekondari walipita wakarusha mawe yao kwa mkono tu, bila kusimama, wakaniona nahangaika.

"Hawu, mkhulu," yaani babu, mmoja akacheka, "tumia mkono, itakuwa jioni!"

"Mkono haujatembea, binti," nikamwambia.

Wakatazamana. Halafu yule aliyecheka akarudi, akamshika mwenzake bega, akavua kiatu.